Kinyozi Kaacha Kichwa Nusu

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lenye mguu mmoja mfupi. Limeegemezwa ukutani kati ya duka la kinyozi na kibanda cha fundi redio, na mbele yake liko jiko la mkaa la Shangazi, muuza kahawa ambaye hana mpwa hata mmoja pale, ila kawakaripia wote mpaka cheo kikamkaa. Wateja wa benchi ni walewale. Waziri ni mzee mstaafu aliyebeba mafaili ya wakubwa maisha yake yote ya kazi na sasa anabeba maoni. Koti halimtoki mwilini hata jua liwake vipi. Kipaza ni yule fundi redio, na sauti yake Mungu hakuiwekea kitufe cha kupunguzia. Jumamosi hiyo kahawa ya kwanza ilikuwa haijapoa vikombeni, mlango wa kinyozi ukafunguka kwa kishindo, kinyozi akatoka mbio na kandambili mkononi, akapinda kona, hayupo. Baada yake akatoka mtu mwingine, polepole, kitambaa cheupe kimefungwa shingoni kama mtoto anayelishwa uji. Upande wa kulia kichwa chake kilikuwa kimenyolewa kinang'aa. Upande wa kushoto nywele zilikuwa palepale zilipoamkia.

Huyo alikuwa Msumeno. Jina alipewa kwa sababu mbili: kwanza anashinda kwenye mashine ya kupasulia mbao kiwandani, pili hajawahi kumwacha mtu afike mwisho wa sentensi.

— Jamani, mmemwona?

Kipaza alimwangalia kulia, akamwangalia kushoto.

— Yeye tumemwona. Na wewe sasa tunakuona. Hatujui tumshangae nani.

— Kaniacha! Kazima mashine, kaitupa mezani, huyo! Bila hata…

— Kaa kwanza, alisema Shangazi. Kaa huku mwisho, upande ulionyolewa uelekee kwa watu. Huo mwingine upe ukuta. Utanifukuzia wateja.

Msumeno alikaa. Siku hiyo haikuwa siku ya kuchezewa kichwa. Mchana ule alikuwa aende ukweni. Mke wake alikuwa kwao tangu Jumatatu. Usiku wa kuamkia Jumatatu hiyo walikwaruzana kwa ajili ya kiti cha jikoni kilicholegea, kiti ambacho Msumeno, seremala mzima, alikuwa ameahidi kukigongomea tangu mvua za kwanza. Asubuhi mke akatoka. Msumeno aliporudi kutoka kazini akakuta sanduku halipo na mchele kwenye ndoo. Akajijibu mwenyewe: nimekimbiwa. Wiki nzima kijiwe kilimsaidia kubeba mzigo huo, yaani kilimwongezea mwingine. Jumanne simu yake ililia, jina la mke likawaka, na Waziri akauweka mkono juu ya simu na kusema usipokee, huyo anapima kina cha maji. Msumeno hakupokea. Ijumaa usiku, peke yake na ule mchele, uzalendo ukamshinda, akaamua kesho ananyoa, anavaa shati la kola, anakwenda kumwomba radhi mtoto wa watu.

Na sasa kichwa nusu.

— Ni dharau, alisema. Hakuna kingine. Mtu akishakuzoea anakuona takataka. Angekuwa ananyoa mkubwa fulani, angemwacha hivi?

— Hapo umegusa, alidakia Kipaza. Mkubwa! Mnajua kinyozi ana simu mbili? Ile ndogo haipokei mbele za watu. Mimi nawaambia, huyu amepata mkubwa wa kumnyoa kwake. Ikilia ile ndogo, hata angekuwa anamnyoa baba yake mzazi, anaondoka.

— Mkubwa gani anafuatwa kwa kandambili mkononi? aliuliza Shangazi.

— Ndiyo ujanja wenyewe! Ili msishuku.

Waziri alikohoa. Kikohozi cha Waziri ni kama kengele ya shule, kikilia watu wanakaa.

— Nyinyi mnatafuta mbali. Tabia ya mtu iko kwenye damu. Ukoo ule ni wa kukimbia. Babu yake alikimbia, baba yake alikimbia, na yeye kakimbia. Wahenga walisema, mwana wa nyoka ni nyoka, na mwana wa kinyozi ni upara.

— Wahenga hawakusema hivyo, alisema Shangazi.

— Walisema, wewe hukuwepo.

— Na baba yake kinyozi wewe ulimjua lini?

— Sikumjua. Nimekaa mtaa huu umri wangu wote sikuwahi kumwona hata siku moja. Ushahidi gani mwingine mnataka? Alikuwa keshakimbia!

Benchi lilicheka mpaka mguu ule mfupi ukagonga sakafu na kahawa ya Kipaza ikamwagika kwenye goti la Msumeno.

— Wewe mtu! Angalia!

— Si mimi, ni benchi, alisema Kipaza. Hili benchi ni bovu siku zote.

— Jana Msumeno alipokumwagia wewe, alisema Shangazi huku akimimina nyingine, ulisema ana mikono ya kamba.

— Jana ilikuwa yeye. Alikaa vibaya.

— Ahaa. Na redio yangu, Kipaza? Mwezi sasa iko kwako, tumbo wazi. Hiyo nayo ni benchi?

— Shangazi, hiyo ni vipuri! Vipuri havipatikani, umeme wenyewe unakuja unakwenda, wiki iliyopita nilipata mafua…

— Na yule mshona nguo aliyenichelewesha gauni langu?

— Yule? Yule mvivu. Amezaliwa mvivu. Ukimwangalia tu mashavu unajua.

Shangazi alitikisa kichwa, akapuliza mkaa. Kahawa ya siku hiyo ilikuwa na harufu ya kuungua, na Waziri alipoonja akakunja uso, Shangazi mwenyewe akawahi kusema:

— Msinitazame. Ni mkaa huu wa siku hizi.

Msumeno hakucheka. Alikuwa akipapasa kichwa chake, vidole vinateleza kulia, vinakwama kushoto, na kila alipofika kwenye ule mpaka katikati ya utosi hasira ilimpanda upya.

— Mimi naiita dharau, alirudia. Nilikuwa hata nikimsimulia mambo yangu, mambo ya ndani kabisa, namweleza…

— Ngoja! Kipaza alisimama. Ngoja. Mashine ile ya kunyolea inanguruma, ndiyo au siyo?

— Inanguruma.

— Miaka yote kaishika mkononi. Ule mngurumo unakwenda wapi? Unapanda mkononi, unaingia begani, unafika kwenye ubongo. Mimi ni mtu wa mawimbi, msinibishie. Ubongo ukijaa mngurumo, siku moja unakata. Mtu anainuka tu anakimbia, hajui anakwenda wapi. Sasa hivi tunapiga porojo yeye yuko njia kuu, anakimbia, mbele hajui, nyuma hajui!

— Na Msumeno anayeshinda kwenye mashine kubwa kuliko ile? aliuliza Shangazi.

Wote walimgeukia Msumeno. Kipaza aliketi taratibu, akasogea kidogo.

— Mimi niko salama, alisema Msumeno. Masikio tu ndiyo yamechoka. Hata mke wangu nilimwambia, si kwamba sisikii, ni mashine.

— Hapana, alisema Waziri, na safari hii hakukohoa, jambo lililowatia watu hofu. Tumekosea toka mwanzo. Tunauliza kinyozi ana nini. Tuulize: kinyozi *ameona* nini? Kanyoa upande wa kulia, salama. Kafika katikati, kasimama. Kakimbia. Mtu anakimbia alichokiona. Inama.

— Niiname nini?

— Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Inama tukuangalie utosi.

Msumeno hakutaka kuinama, lakini shingo ikainama yenyewe. Vichwa vitatu vilikusanyika juu ya chake. Alisikia pumzi ya kahawa, alisikia kidole cha mtu kikisukuma nywele, kisha kidole kikasimama mahali pamoja.

— Mnaona nini?

— Kuna alama, alisema Kipaza, kwa sauti ambayo kwake ni mnong'ono na kwa wengine ni tangazo.

— Alama gani?

— Imepinda. Kama ndoano.

— Hilo ni kovu! Nilianguka kutoka mtini nikiwa mdogo!

— Ndivyo ulivyoambiwa, alisema Waziri. Vinyozi wanasoma vichwa, mwanangu. Mtu mwenye ndoano utosini, kila anachokishika kinachomoka. Kinyozi kachomoka. Na kabla ya kinyozi, nani alichomoka?

Hakuna aliyelitaja jina. Msumeno alihisi baridi imemshika hapohapo juani. Kwa hiyo hata mke! Si kiti, si ukali wake, si neno lolote alilosema yeye; ni kovu. Na ajabu ni kwamba pamoja na ile baridi alisikia pia kama mzigo umemtoka begani. Kovu halikuwa kosa lake. Alikuwa karibu kumshukuru Waziri.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke mmoja, mrefu, amejifunga kitambaa kichwani, mkoba begani, anahema. Hakumjua mtu pale na hakuna aliyemjua yeye. Alisoma kibao cha kinyozi, akatazama benchi, akaona kichwa cha Msumeno, akatabasamu kwa kutulia, kama mtu aliyepata nyumba aliyoelekezwa.

— Hamjambo. Shikamoo mzee, shikamoo shangazi. Kaka, pole sana. Nadhani kichwa changu ni hiki.

— Chako? alisema Msumeno, akishika kitambaa chake shingoni.

— Mimi ni dada yake kinyozi. Nina saluni yangu kule ng'ambo ya soko, na mimi nanyoa. Tuingie basi nimalizie.

Kipaza ndiye aliyepata ulimi kwanza.

— Yeye kakimbilia wapi?

— Nyumbani. Mama yetu kajifungia chumbani, ufunguo ukakatikia ndani ya kitasa. Majirani wakampigia Kaka simu, walitaka kuvunja mlango, Mama hataki. Anasema mlango ule aliuweka mwanawe kwa mikono yake, na kama ni wa kuvunjwa atauvunja yeye mwenyewe aliyeuweka. Analia huko ndani, mnajua tena wazee. Kaka akanipigia njiani, akasema nimemwacha mteja kitini, kimbia ukammalizie, ana safari ya ukweni.

Waziri alitengeneza kola ya koti lake.

— Mimi nilisema toka mwanzo ni mambo ya familia, alisema.

— Mzee, ulisema ukoo wa kukimbia, alisema Shangazi.

— Ukoo si familia?

Lakini yule dada alikuwa bado anamtazama Msumeno, amekunja uso kidogo, si kwa ubaya.

— Ila kaka, mbona umetoka nje na kitambaa? Si alikuambia? Kasema alikushika bega akakuambia: mama yangu amekwama, dada yangu anakuja kukumalizia, usiondoke. Kasema hata ulimwitikia.

— Mimi?

— Ulimwambia, haya.

Msumeno alitaka kukataa. Akalifikiria bega lake. Ni kweli, mkono ulikuwa umelishika. Alikumbuka uzito wake. Alikumbuka pia mahali alipokuwa amefika kwenye simulizi yake wakati ule: alikuwa anamweleza kinyozi kwamba mke wake ni mtu wa hasira za karibu, kalelewa kama yai, na kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa amani ila kazi inamchosha. Maneno ya kinyozi yalipita hapo katikati kama mtu anayekatiza barabara. Aliyapisha, akaendelea.

— Mashine ilikuwa inanguruma, alisema.

— Mashine alikuwa keshaizima, alisema Shangazi. Umetuambia mwenyewe.

Waliingia dukani. Mlango ulibaki wazi na benchi nalo likasogea, likaja kukaa mlangoni na watu wake. Dada alipangusa kisu cha mashine kwa brashi, akaiwasha, akaanza upande wa kushoto. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa kaka yake. Msumeno alijitazama kwenye kioo, nusu mtu wa heshima, nusu mtu aliyetoka usingizini.

— Kwa hiyo unakwenda ukweni, alisema dada.

— Nakwenda. Mke wangu kaniacha.

— Pole. Kwa nini?

Kipaza alikuwa mwepesi zaidi.

— Amedekezwa kwao! Mtoto wa mwisho yule, nasikia kwao hakuwahi kufagia hata…

— Watu wabaya wanamjaza maneno, alisema Waziri. Halafu lipo suala la ndoano.

— Ni upweke, alisema Shangazi. Mwanamke akikaa na mtu asiyemwacha aseme, anakwenda kusemea kwao. Na mimi simsemi mtu.

Dada alizima mashine. Kelele za sokoni zikaingia kwa mbali.

— Samahanini. Namuuliza yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwepo. Kaka, alipokuwa anatoka, mkeo alisemaje?

Msumeno alifungua mdomo.

Alikumbuka asubuhi ile vizuri kabisa. Alikumbuka alikuwa amepiga magoti, kichwa chini ya kitanda, anatafuta futi yake ya kupimia. Alikumbuka vumbi. Alikumbuka aliyokuwa anayasema yeye, kwamba katika nyumba hii vitu havikai mahali pake. Aliiona miguu ya mke wake mlangoni, imevaa viatu vya safari. Miguu ilisimama pale kwa muda. Na sauti ilikuwepo. Hilo hakuwa na shaka nalo, sauti ilikuwepo. Lakini maneno hayakuwepo. Aliyatafuta, hakuna.

Alitazama mlangoni kuomba msaada. Kijiwe kizima, ambacho kwa wiki nzima kilikuwa na jibu la kila kitu, kiliangalia vikombe vyake.

— Sikusikia, alisema mwishowe.

Hakutaja mashine. Dada aliwasha, akamaliza upande wa kushoto, akasawazisha shingoni, akampaka poda kidogo, akamwonyesha kisogo kwa kioo cha mkono.

Njiani kwenda ukweni Msumeno alikuwa na hotuba. Aliitunga tangu usiku. Ilianza na uchovu wa kazi, ikapita kwenye joto la kiwandani, ikagusa msimamizi mpya asiyejua mbao, na mwisho ikafika kwenye neno samahani, ambalo lilikuwa limekaa nyuma kabisa kama abiria wa akiba. Alipofika kwenye geti la baba mkwe alikuwa ameisahau nusu. Alipoingia sebuleni akasahau iliyobaki, maana sanduku la mke wake lilikuwa katikati ya chumba, limefungwa kamba, na mke wake alikuwa amekaa juu yake anavaa viatu.

— Shikamoo baba.

— Marahaba, alisema baba mkwe kutoka nyuma ya gazeti, na gazeti halikushuka.

Msumeno hakukaa. Aliogopa akikaa ataanza kuhutubu.

— Mke wangu, alisema. Siku ile unatoka. Ulisemaje?

Mke wake aliinua uso. Alimtazama kama anayetafuta mahali palipofichwa mzaha, asipaone.

— Umekuja mpaka huku kuniuliza hivyo?

— Ndiyo.

— Nilisema nakwenda kwa mama, mguu wake umevimba, nitamsaidia wiki hii, Jumamosi narudi. Nikasema mchele uko kwenye ndoo. Nikasema kiti kisahau, tutazungumza nikirudi. Wewe ulikuwa chini ya kitanda. Ukasema haya.

Kutoka chumba cha ndani Msumeno alisikia mama mkwe akiguna na kugeuka kitandani, na mguu wake kweli ukagonga ukuta, na kweli akasema ai. Wiki nzima. Wiki nzima mtu alikuwa anauguza mama yake.

— Kumbe, alisema.

— Kumbe nini?

— Nilidhani umenikimbia.

Mke wake alifunga kamba ya kiatu cha pili, polepole, akaikaza.

— Jumanne nilikupigia, hukupokea. Jumatano nikangoja. Alhamisi nyumba yote hii ikakaa kikao juu yako. Mama akasema ni kiburi, mafundi wote wanataka kubembelezwa. Dada yangu akasema una mwanamke, tena akamwelezea mpaka unene wake. Mjomba alipita, akasema watu wa kwenu ndivyo walivyo. Baba tu ndiye alikutetea.

— Nilisema ni mashine, lilisema gazeti. Imekula masikio.

— Ahsante baba, alisema Msumeno.

— Na wewe ulisemaje? Msumeno alimuuliza mke wake.

— Mimi? Nilisema leo narudi, nitamuuliza.

Alisimama. Alikuwa hacheki, ingawa pembe moja ya mdomo ilikuwa inapigana na nyingine. Akamsogelea, akampapasa kichwa kushoto na kulia, akakiona kimenyolewa vizuri, akauondoa mkono.

— Sasa niambie. Kama mama angeendelea kuumwa, nikae huku mwezi, wewe ungeniuliza lini?

Uchovu ulimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Ulikuja ukiongozana na joto, na msimamizi mpya, na mkono wa Waziri juu ya simu, na hata lile kovu. Vyote vilisimama pale mlangoni mwa mdomo vikingoja zamu. Msumeno alivitazama kimoja kimoja, akaona aibu kuvitoa mbele ya baba wa watu. Aliinama, akashika sanduku, akaliinua ili watoke.

— Tua kwanza, alisema mke wake. Sijamaliza.

Msumeno akalitua, akakaa juu yake.